Samaki wa mdomo wa duara hayumo katika Ziwa Victoria

Mhariri,

Kila baada ya muda picha ile ile hurudi kwenye simu za wakazi wa Kisumu na vitongoji vyake: samaki mrefu, mwembamba, asiye na taya, mdomo wake duara tupu lililopangwa meno ya manjano safu baada ya safu hadi kooni. Picha haibadiliki, maelezo ndiyo hubadilika. Leo samaki huyo amevuliwa Dunga, kesho Usenge, na wiki ijayo atakuwa amemng'ang'ania mtoto aliyekuwa akioga Mbita. Mwishowe mchuuzi wa Kibuye anaulizwa kama mbuta (sangara) wake mwenye alama ubavuni "ameumwa na yule", na mteja anaenda zake. Sisi ni wakufunzi wa elimu ya samaki. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tueleze samaki huyo ni nani, anakula nini na kwa njia gani, na kwa nini mvuvi wa Ziwa Victoria ana mambo mengi ya kuogopa kabla ya kumfikia yeye.

Samaki huyo yupo duniani. Anaitwa lamprei, na anayeonekana katika picha nyingi ni lamprei wa baharini, ambaye wanasayansi humwita Petromyzon marinus. Kwao ni Bahari ya Atlantiki upande wa kaskazini, Ulaya na Amerika, pamoja na mito inayoingia humo. Kuna zaidi ya spishi 40 za lamprei, zote za maji ya baridi au ya wastani, nyingi kaskazini mwa dunia na chache kusini, kama vile Australia, New Zealand na Amerika Kusini. Katika maziwa na mito ya Afrika Mashariki hakuna hata spishi moja.

Watu wakiyaona meno yale hudhani kwamba mnyama huyu huzaliwa akinyonya damu na kufa akinyonya damu. Sivyo. Sehemu kubwa ya maisha yake hana hata jino moja.

Jike la lamprei wa baharini hutaga mayai kati ya 30,000 na 100,000 katika kiota cha kokoto, ndani ya mto wenye maji yanayotiririka. Viluwiluwi wakishaanguliwa huchukuliwa na mkondo hadi mahali maji yanapopunguza kasi. Hapo hujichimbia kwenye tope laini lililochanganyika na mchanga, na humo hukaa miaka mitatu hadi kumi, kutegemea joto la maji na chakula kilichopo. Kiluwiluwi karibu haoni, kwa kuwa macho yake bado hayajakomaa na yamefunikwa na ngozi. Huvuta maji mdomoni, chembe za mwani na mabaki ya mimea hunaswa kwenye ute ulio kooni, kisha humeza ute huo pamoja na kilichomo. Hicho ndicho chakula chake chote. Ukimfukua kwa mkono hana meno ya kukuuma.

Akifikia urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi huanza kugeuka. Kugeuka huko huchukua miezi kadhaa, na muda wote huo hali kitu. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa topeni. Macho hufunguka, mdomo hupanuka ukawa kisahani, meno huota, na utumbo hujengwa upya ili upokee damu badala ya mwani. Kuna jambo moja hapa ambalo limewavutia watafiti wa magonjwa ya ini: katika mageuzi hayo lamprei hupoteza kibofu cha nyongo pamoja na mirija yake. Mtoto wa binadamu mwenye mirija ya nyongo iliyoziba huharibikiwa na ini, ilhali lamprei anaendelea kuishi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo kunyonya kunaanza, na hakudumu sana. Kwa lamprei wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini kipindi hiki ni miezi 12 hadi 18. Kikiisha, huacha kula kabisa, utumbo husinyaa, hupanda mto, huzaa, na hufa wote, dume kwa jike. Tena karibu nusu ya spishi za lamprei hazifiki kabisa katika kipindi hicho. Zikishageuka hazili tena. Huzaa na kufa katika muda wa miezi michache. Lamprei mdogo wa vijito vya Ulaya, Lampetra planeri, ni mmoja wa hao. Hajawahi kumnyonya samaki yeyote, ingawa picha ya mdomo wake ukiikuza inaweza kumtisha mtu vilevile.

Kuhusu kuuma kwenyewe, lamprei hana taya, kwa hiyo hawezi kung'ata na kukata kama mbuta au mamba. Mdomo wake ni kisahani cha nyama chenye ukingo laini unaoziba barabara juu ya ngozi ya samaki. Akishagusa, misuli ya mdomo na koo hupunguza shinikizo ndani ya kisahani, na uzito wa maji ya nje humgandamiza palepale. Meno ya pembeni, yaliyoumbwa kwa dutu ile ile ya kucha zetu, humzuia asiteleze samaki anapojipinda. Kazi ya kutoboa ni ya ulimi. Ulimi una ncha ngumu yenye meno madogo, husukumwa mbele na kurudishwa nyuma, na kila mara hukwangua kidogo kama mbuzi inavyokuna nazi, hadi magamba na ngozi vinatoboka. Wakati huohuo tezi mbili zilizo upande wa chini ya macho hutoa majimaji yanayozuia damu kuganda na kulainisha nyama iliyo karibu. Bila majimaji hayo kidonda kingeziba baada ya dakika chache na mlo ungeishia hapo.

Mtu atauliza, mdomo ukiwa umezibwa hivyo, anapumuaje? Ana matundu saba ya matamvua kila upande nyuma ya jicho. Samaki wengine huvuta maji kwa mdomo na kuyatoa kwa matamvua. Lamprei aliyejibandika huvuta na kutoa maji kwa matundu hayohayo. Ndiyo maana anaweza kubaki amemshika samaki mmoja kwa saa kadhaa au hata kwa siku nyingi. Hupendelea samaki wakubwa, na mara nyingi hujibandika ubavuni au tumboni, karibu na pezi la kifuani. Si wote wanaokunywa damu. Lamprei wa mito ya Ulaya, Lampetra fluviatilis, hukwangua nyama yenyewe na kuila, na samaki mdogo aliyeshikwa naye hubaki na shimo.

Lamprei mmoja wa baharini aliyeko katika Maziwa Makuu anaweza kuua samaki wa kilo 18 hivi katika kipindi chake chote cha kunyonya. Wengine hufa kwa kuishiwa damu. Wengine humponyoka wakiwa hai, kisha kidonda kikaingiwa na kuvu au bakteria. Huko Atlantiki madhara hayo huonekana kidogo kwa sababu samaki anaowanyonya ni wakubwa na wamezoeana naye tangu zamani. Mkasa ulitokea alipoingia mahali asipokuwa.

Mkasa huo unapaswa kueleweka vizuri na sisi wa Nyanza, maana tuna wetu. Maporomoko ya Niagara yalikuwa yamemzuia lamprei asipande kutoka Ziwa Ontario kwenda maziwa ya juu. Binadamu wakachimba Mfereji wa Welland ili meli zizunguke maporomoko, ukafunguliwa mwaka 1829, na baadaye ukapanuliwa. Mwaka 1921 lamprei akaonekana Ziwa Erie, 1936 Michigan, 1937 Huron, 1938 Superior. Kabla ya hapo Marekani na Kanada zilikuwa zikivua katika maziwa ya juu karibu tani 6,800 za samaki aina ya trauti kila mwaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zimebaki tani 140 hivi, na pamoja na uvuvi wa kupita kiasi, lamprei alikuwa na mkono mkubwa katika hasara hiyo. Sasa linganisha na kwetu. Maporomoko ya Murchison kwenye Mto Nile yalikuwa yamemzuia mbuta asifike Ziwa Victoria. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu wakambeba wenyewe na kumtia ziwani, na fulu wetu, samaki wadogo wenyeji wa spishi mamia, wakaliwa. Tofauti ni kwamba mbuta ana soko, kwa hiyo hatumlaani kwa sauti moja.

Je, lamprei humdhuru binadamu? Kumshika anaweza. Kumtishia maisha, hapana. Huwatafuta samaki, hasa kwa kunusa, na mwili wa mtu wenye joto si chakula alichozoea. Waogeleaji wa masafa marefu ndio hukutana naye, kwa kuwa hukaa muda mrefu kwenye maji ya baridi na ngozi zao hupoa. Mfano unaojulikana sana ni wa Marilyn Bell, msichana wa miaka 16 wa Toronto, ambaye mnamo Septemba 1954 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea kuvuka Ziwa Ontario. Alichukua karibu saa 21. Njiani lamprei walijibandika mwilini mwake, akawabandua, akaendelea na safari hadi ng'ambo.

Tufanye hesabu kwa wanaopenda hesabu. Lamprei aliyekomaa wa maziwa hayo ana gramu 200 hadi 300. Katika vipimo vya maabara, kiwango cha juu cha damu alichonyonya kwa siku kilikuwa kama asilimia 30 ya uzito wake. Hiyo ni mililita 90 kwa siku nzima, akiwa ameshiba kupita kawaida. Mtu anayejitolea damu hospitalini hutoa mililita 450 kwa dakika chache, akanywa soda na kurudi kazini. Isitoshe, nani atakaa siku nzima na samaki mguuni bila kufanya lolote?

Kwa msomaji mwenye ndugu huko Toronto au Chicago, hii hapa namna ya kumtoa. Kwanza toka majini, kwa sababu hewani huwa anaachia mwenyewe. Asipoachia, usimvute mkia, kwani meno yatachuna ngozi na jeraha litakuwa baya kuliko alilolitoboa. Ingiza kidole au ukucha chini ya ukingo wa kisahani ili hewa ipite. Mshiko ukishavunjika ataanguka. Osha mahali hapo kwa maji safi na sabuni, kisha bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kufunuafunua, maana damu itachelewa kuganda. Ikiwa chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati, nenda zahanati.

Upande wa kumla, wanaomla ni wengi. Wareno humpika na wali, na watu wa Bordeaux, Ufaransa, humpika kwa mvinyo na damu yake mwenyewe. Waandishi wa kale wa Uingereza walisema Mfalme Henry I alikufa mwaka 1135 baada ya kula lamprei kupita kiasi, akiwa amekatazwa na mganga wake. Kwa hiyo kifo mashuhuri zaidi cha binadamu kinachotajwa pamoja na samaki huyu ni cha mtu aliyemla. Siku hizi shaka ya afya kwa lamprei wa Maziwa Makuu ni zebaki. Yeye hunyonya samaki wakubwa waliokusanya zebaki mwilini, na yake ikawa nyingi kuliko yao.

Kwa nini hawezi kuwa hapa? Joto ndilo sababu ya kwanza. Mayai ya lamprei wa baharini huanguliwa vizuri zaidi maji yakiwa karibu nyuzi 18 za selsiasi, na viluwiluwi hufa maji yakikaribia nyuzi 31. Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa kati ya nyuzi 24 na 28, na kwenye Ghuba ya Winam, ambako hakuna kina, jua la mchana hupandisha zaidi. Njia ni sababu ya pili. Lamprei wa baharini hawezi kuruka. Huko Amerika Kaskazini humzuia kwa kizingiti cha mtoni chenye mwanguko wa sentimita 45 tu, ukingo wake ukiwa umechomoza mbele ili asipate pa kujibandika. Murchison ina mita 43, na kabla na baada yake kuna mabwawa, kuanzia Aswan hadi Jinja. Kwa njia ya kubebwa, kama mbuta, angehitaji mtu wa kumleta akiwa hai kwenye maji baridi, kisha apate mto wa kokoto wenye maji ya baridi mwaka mzima. Nyando na Nzoia za huku chini haziko hivyo.

Tumesikia pia pendekezo kwamba serikali "imwage dawa kama Wamarekani". Dawa ipo kweli. Katika kituo cha utafiti kule Michigan walijaribu kemikali karibu 6,000 hadi wakapata moja iitwayo TFM, iliyoanza kutumiwa mtoni mwaka 1958. Huua viluwiluwi topeni, kwa kuwa miili yao haina uwezo mzuri wa kuivunjavunja kama samaki wengine. Lakini kazi hiyo haifanywi kwa kumwaga. Kwanza hupima pH (kipimo cha asidi majini, ambacho hushuka asidi ikizidi) na chumvichumvi za mto, kwa sababu maji yenye pH ya juu hupunguza makali ya dawa na yenye pH ya chini huyazidisha, na kosa dogo la kipimo huua samaki wote au haliui lamprei hata mmoja. Kisha dawa huingizwa kidogokidogo kwa karibu saa 12, na mto huohuo hurudiwa baada ya miaka kadhaa, kabla viluwiluwi wapya hawajageuka na kuteremka ziwani. Kwa njia hii, pamoja na vizingiti na mitego, wamepunguza lamprei kwa takriban asilimia 90. Kazi ilipopunguzwa wakati wa korona, idadi ikaanza kupanda tena.

Mara nyingine TFM huchanganywa na niklosamaidi kidogo, na hii ya pili ina historia kwetu pia. Ndiyo dawa inayotumiwa kuua konokono wanaobeba kichocho. Kipimo cha kuua konokono huua samaki, kwa hiyo mtu asije akainunua akaimwaga kwenye kidimbwi cha ngege (tilapia) akidhani anafukuza "yule wa picha". Atapoteza ngege wote, na mwenye kidimbwi cha chini yake atapoteza wake.

Na tukiwa hapo kwa kichocho: mzazi wa Kisumu anayetaka kumlinda mtoto ziwani na aanzie hapo. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi kuanzia asubuhi jua likishapanda hadi alasiri, na hupenya ngozi katika muda wa dakika chache bila jeraha wala maumivu ya kumshtua mtoto. Maji ya ziwa yaliyotekwa bila konokono yakawekwa kwenye tangi siku mbili huwa salama kwa kuoga kwa upande huo, kwa kuwa vimelea hawaishi zaidi ya hapo bila kupata mtu. Kuyanywa ni habari nyingine. Hayo sharti yachemshwe au yatiwe dawa. Mtoto anayecheza majini mara kwa mara apelekwe kupimwa. Tiba ni vidonge vya prazikwanteli vinavyotolewa kwa kipimo cha uzito au urefu.

Kwa mvuvi, wanaouma ni wengine. Kamongo hana mdomo wa kunyonya. Ana taya zenye mabamba magumu ya meno, na akifunga mdomo juu ya kidole anaweza kukiharibu vibaya. Usimtoe wavuni kwa kumshika karibu na kichwa kabla hajatulia. Okoko hufunga miiba yake ya mgongoni na mbavuni ikasimama wima, na mumi ana mwiba mmoja mgumu kwenye kila pezi la kifuani. Ukichomwa, toa kipande cha mwiba kikionekana, osha, kisha zamisha mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa dakika 30 hadi 90. Maumivu mengi hupungua. Jaribu maji hayo kwa mkono mzima, maana ule uliochomwa unaweza usihisi kama yanaunguza. Uvimbe ukizidi siku ya pili, au mstari mwekundu ukipanda mkononi, hiyo ni kazi ya daktari.

Ruba ndiye pekee katika maji yetu anayefanana na lamprei kwa namna ya kula, ingawa hana undugu naye. Naye hutumia majimaji ya kuzuia damu kuganda, na kidonda chake kinaweza kuvuja kwa saa kadhaa. Usimtilie chumvi, wala kumchoma kwa sigara, kwa kuwa hutapika ndani ya jeraha. Pitisha ukucha chini ya ncha nyembamba, ambayo ndiyo ya mdomo, imwachie. Kisha fanya hivyohivyo kwenye ncha pana.

Sasa alama kwenye samaki wa sokoni. Jeraha la lamprei ni duara kamili, kwa kawaida la sentimita mbili au zaidi, lenye tundu katikati na nukta za meno kulizunguka. Hujaliona Kibuye, na hutaliona. Alama inayozunguka kichwa au mwili kama mshipi, magamba yakiwa yametoka, ni ya nyuzi za wavu. Nukta ndogo nyekundu za milimita moja au mbili, nyingi pamoja, hasa kwa ngege wa vizimbani, ni za chawa wa samaki. Mara nyingi utamwona mwenyewe, bapa na anayeng'aa, ukubwa wa punje ya dengu. Tundu shavuni ni la ndoano. Mikwaruzo au michomo ya mbili mbili mgongoni ni ya mnandi au kwazi. Pande la nyama lililonyofolewa tumboni huwa ni la fisi maji aliyemkuta samaki wavuni usiku. Samaki wa namna hizo huliwa bila shaka yoyote akiwa hajaanza kuoza, macho angavu, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza.

Kidonda cha kukwepa ni kile kisicho na umbo maalumu, chenye ukingo mwekundu na katikati yake nyama nyeupe inayolegea. Hicho ni cha bakteria. Hutokea zaidi vizimbani samaki wakiwa wamesongamana, au baada ya kushikwashikwa wakati wa kupangwa kwa ukubwa, au hewa ya maji inapopungua. Mwenye kizimba akiona samaki kadhaa wa namna hiyo kwa siku moja asikimbilie dawa za kuku zinazouzwa madukani. Apunguze chakula, aondoe waliokufa kila asubuhi na kuwazika mbali na ziwa, aoshe nyavu zilizozibwa na mwani ili maji yapite, kisha amwite afisa wa uvuvi wa wadi.

Ikitokea mtu akapata samaki mrefu asiyemfahamu, kumtambua hakuchukui dakika moja. Tazama kama ana taya. Hesabu matundu nyuma ya jicho: kwa samaki wetu wote ni uwazi mmoja kila upande, kwa lamprei ni saba. Tazama kifuani: lamprei hana mapezi ya pembeni hata moja, kamongo ana manne membamba kama kamba, mumi ana mawili pamoja na masharubu manane. Mwenye safu ya miiba mifupi mgongoni, anayejificha kwenye mawe, ni mkunga wa miiba na ni mwenyeji wa ziwa hili. Mkunga wa kawaida, yule wa kwenda baharini kuzaa, yuko mito ya Tana na Athi, wala hayuko huku.

Bado una shaka? Mpige picha ubavuni akiwa amelazwa kando ya rula, na nyingine ya mdomo kutoka mbele. Mweke kwenye barafu bila kumpasua wala kumkata kichwa, andika ufuo, tarehe na kina alikovuliwa, kisha umpeleke kwa kamati ya ufuo wako au ofisi ya uvuvi siku hiyohiyo. Kama hakuna barafu, mpake chumvi nyingi nje na mdomoni. Rangi itapotea lakini matundu na mapezi yatahesabika.

Wakufunzi wa elimu ya samaki,
Kisumu